Mitego ya gundi ya njano na bluu kwenye kitalu nyumba: hatua kwa hatua, kuanzia rangi hadi hesabu ya wiki

Mwongozo huu nimeuandika kwa sababu ya swali moja linalorudi kila msimu wa nyanya: "Mitego nimetundika, mbona nzi weupe bado wamejaa?" Anayeuliza huwa amenunua mitego mizuri, akaitundika siku ya kwanza, basi. Wengine huitundika juu mno, wengine huchagua rangi isiyomvuta mdudu wao, na karibu wote wanasubiri kadi (kipande cha rangi kilichopakwa gundi, ndio mtego wenyewe) iwamalizie wadudu.

Kadi haitawamaliza. Inanasa mdudu mwenye mabawa anayeruka, huku mayai na matunutu (watoto wake wasio na mabawa) yakibaki chini ya jani, na matunutu yakiendelea kufyonza. Kazi yake kubwa ni kukuambia nani ameingia, ameingilia wapi, na wameongezeka kiasi gani tangu wiki iliyopita. Ukiisoma ipasavyo, utamkuta mdudu akiwa bado kwenye mistari miwili karibu na mlango, kabla hajashika kitalu kizima.

Mifano yangu ni ya kitalu nyumba cha nyanya cha mita 8 kwa 30, ukubwa ambao wakulima wengi wanao. Kama wewe unalima pilipili hoho, matango au waridi, nitakuonyesha panapobadilika.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Kadi za njano 5 hadi 10, na za bluu 3 hadi 5. Za dukani huwa na gundi pande zote mbili na karatasi ya kubandua.
- Kamba au waya mwembamba, na vibanio vya nguo.
- Kalamu ya maka isiyofutika kwa maji.
- Kioo cha kukuzia, kinachokuza mara 10. Usiache hiki. Bila kioo utahesabu vumbi.
- Daftari na kalamu.
- Mafuta ya kula kidogo na kitambaa, kwa ajili ya kutoa gundi mikononi.
- Mfuko unaofungika vizuri wa kutupia kadi zilizotumika.

Ukitaka kutengeneza mwenyewe, ongeza plastiki ngumu ya njano au bluu, nailoni angavu nyembamba, na gundi ya panya au mafuta mazito ya mgando ya kujipaka. Maelezo yako kwenye hatua ya 3.

## Kwa nini rangi inamvuta mdudu

Sehemu hii ni fupi ila usiiruke, maana ndiyo itakayokusaidia kuchagua plastiki sahihi.

Nzi mweupe akitoka kwenye mmea uliochakaa hutafuta jani changa, na jani changa lina unjano ndani ya ukijani wake. Macho yake huitikia sana mwanga wa kijani na njano, wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 550. Plastiki ya njano inayong'aa hurudisha mwanga huo kwa nguvu kuliko jani lenyewe. Kwa mdudu huyo, kadi ni jani changa kuliko majani yote ya kitaluni, ndiyo maana anatua. Vidukari wenye mabawa na nzi wachimba majani nao huvutwa na njano.

Thiripsi, mdudu mdogo mwembamba kama uzi, yeye anatafuta ua. Thiripsi wa maua wa magharibi, anayesumbua sana kwenye waridi, pilipili hoho na nyanya, huenda njano pia lakini huvutwa zaidi na bluu, karibu na nanomita 450. Ndiyo sababu kwenye mashamba ya maua utakuta bluu imetundikwa kando ya njano.

Nyekundu iache. Wadudu hawa hawaioni vizuri.

## Hatua ya 1: Ziba matundu kwanza

Kagua wavu wa pembeni, viungio vya nailoni na mlango. Kwa nzi weupe, wavu wa meshi 50 (matundu 50 kwa kila inchi) ndio unaowazuia vizuri. Thiripsi ni wembamba zaidi na wengine watapita hapo. Tundu linaloingiza kidole linaingiza nzi weupe wengi siku ya upepo, na hakuna idadi ya kadi itakayoshindana nalo.

Ng'oa magugu ndani, na nje kuzunguka kitalu angalau mita 2. Nzi mweupe anaishi kwenye magugu hayo wakati wewe unadhani umesafisha.

Onyo: usitundike kadi ya njano nje karibu na mlango. Utawaita wadudu wa shamba la jirani waje mlangoni kwako, na mlango ukifunguliwa wanaingia. Kama una milango miwili yenye chumba kidogo katikati, kadi moja ndani ya chumba hicho inafaa sana.

Na mavazi pia. Fulana ya njano hubeba nzi weupe kutoka nje hadi ndani, kwa sababu ile ile inayofanya kadi ifanye kazi. Anayeingia kitaluni aache jezi ya Yanga nyumbani siku hiyo.

## Hatua ya 2: Chagua rangi kulingana na mdudu

- Nzi weupe, vidukari wenye mabawa, nzi wachimba majani: njano.
- Thiripsi: bluu, hasa mimea inapoanza kutoa maua.
- Hujui una nani: njano kwa wingi, na bluu moja au mbili katikati ya mimea.

Njano ninayoisema ni ya limau lililoiva, ile inayochoma macho. Njano iliyopauka kama maziwa, au inayokaribia chungwa, haivuti sawasawa. Bluu iwe angavu pia. Bluu nzito ya sare za shule inakaribia weusi, na mdudu anaipita.

Kuna wadudu ambao kadi hizi hazitakuonyesha, na watu wamepoteza mazao kwa kuziamini. Utitiri hana mabawa kabisa. Vidung'ata majike hawaruki. Kantangaze ni nondo anayeruka jioni na alfajiri, na rangi ya kadi haimvuti kiasi cha kutegemewa. Huyo anahitaji mtego wake wenye kivutio cha harufu, ambao nao hunasa madume tu. Kadi iliyotundikwa mahali sahihi ikiwa safi, huenda hakuna nzi weupe wala thiripsi wanaoruka. Haimaanishi kitalu ni salama.

## Hatua ya 3: Andaa mitego

Ukinunua: acha karatasi ya juu hadi dakika ya kutundika. Bandua upande mmoja, ishike pembeni, kisha bandua wa pili ikiwa imeshaning'inia.

Ukitengeneza: chukua dumu la njano la mafuta ya kula, lile la lita 20. Lioshe kwa sabuni na maji ya moto hadi liishe utelezi, likauke. Kata vipande vya sentimita 10 kwa 25, ukichagua sehemu bapa zisizopauka kwa jua. Toboa tundu juu. Kabla ya kupaka gundi, funika kipande kwa nailoni angavu na uibane nyuma. Gundi inapakwa juu ya nailoni, ili wiki ya kubadilisha uvue nailoni tu na kipande kibaki kisafi.

Gundi ya panya hukaa vizuri kwenye joto, ila ni nzito. Weka chupa yake kwenye maji ya moto hadi ilainike, kisha isambaze kwa kijiti bapa iwe nyembamba kiasi cha kuona rangi chini yake. Usiiweke kwenye moto, na usiilainishe kwa petroli.

Mafuta ya mgando ni rahisi kupaka na yanapatikana kila duka. Tatizo lake ni mchana: kitalu kikipata joto yanalegea, yanachuruzika, na vumbi linashika haraka. Ukiyatumia, paka upya kila baada ya siku 3 au 4.

Oili chafu ya gari wengi wanaipenda kwa sababu ni ya bure. Usiitumie. Ni nyeusi, inafuta rangi uliyohangaika kuitafuta, na ikidondokea majani inayaunguza.

Utajua umefanikiwa: gusa kwa kidole na uvute. Gundi itoe nyuzi fupi na ibaki kwenye kadi, isihamie yote kwenye kidole. Isimamishe wima juani nusu saa, isichuruzike. Kisha simama hatua kumi nyuma: rangi iwe ya kwanza kukuingia machoni.

## Hatua ya 4: Tundika mahali sahihi

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na mimi mwenyewe niliumia hapa. Msimu mmoja nilifunga kadi sita kwenye mabomba ya paa, karibu mita 2 na nusu kutoka chini, wakati miche ilikuwa na urefu wa sentimita 30. Wiki tatu kadi zilibaki safi, na nikaandika kwenye daftari kwamba hakuna mdudu. Siku niliyoinama kufunga kamba kwenye mche mmoja, wingu jeupe liliinuka kutoka kwenye majani. Nikageuza jani: matunutu yalikuwa yamejipanga chini yake kama magamba, na juu ya majani ya chini umande wao wa sukari ulishaanza kushika ukungu mweusi. Nusu ya miche hiyo niling'oa.

Nzi mweupe hatoki jani moja hadi jingine kwa kupanda juu angani. Anaruka karibu na mimea. Kwa hiyo:

1. Ncha ya chini ya kadi iwe sentimita 10 hadi 15 juu ya kilele cha mmea.
2. Kila wiki mmea unapopanda, pandisha kadi. Tumia kamba yenye kibanio ili kazi hii iwe ya sekunde tano. Ikiwa ni ngumu, hutaifanya.
3. Nyanya zikishafika kwenye waya wa juu, shusha kadi kati ya mistari, usawa wa theluthi ya juu ya mimea. Hapo ndipo majani machanga yalipo na ndipo nzi weupe wakubwa wanapotaga.
4. Kadi za bluu ziweke usawa wa maua.
5. Kadi ining'inie wima, isiguse majani. Jani likinasa, umeharibu vyote viwili.

Kwa ufuatiliaji, kadi moja kwa kila mita 100 za mraba ndicho kiwango cha chini. Kitalu cha mita za mraba 240 kinataka 3, lakini mimi naweka 5: moja karibu na mlango, moja kila upande wenye wavu, moja katikati, moja mwisho. Kitalu cha miche kipe yake, hata kikiwa kidogo kama meza mbili. Mdudu mmoja pale ana madhara kuliko ishirini kwenye nyanya zinazovunwa.

Andika namba kwenye kila kadi kwa kalamu ya maka, pamoja na tarehe. Chora ramani ndogo ya kitalu kwenye daftari na uonyeshe kila namba ilipo. Kadi namba 1 ibaki ya mlangoni msimu mzima. Ukizihamisha hovyo, hesabu za wiki mbili hazitalingana.

Utajua umefanikiwa: ukisimama mlangoni unaziona kadi zote zikiwa wazi juu ya mimea, hakuna iliyofichwa na jani wala iliyogeuzwa na upepo.

## Hatua ya 5: Soma kadi kila wiki, siku ile ile

Chagua siku moja, tuseme Jumatatu asubuhi. Chukua kioo, usogeze kadi kwenye mwanga, na utambue kabla ya kuhesabu:

- Nzi mweupe: milimita 1 hadi 1.5, mabawa meupe kama yamepakwa unga. Akikaa siku kadhaa, gundi inaondoa unga huo na mwili unaonekana wa njano au hudhurungi. Wengi hapa humruka wakidhani ni mdudu mwingine.
- Thiripsi: mwembamba, milimita 1 hadi 2, kama kipande cha uzi kilichokatwa. Kwa kioo mabawa yake yana nywele pembeni kama unyoya.
- Kidukari mwenye mabawa: mabawa angavu marefu kuliko mwili, na vijiti viwili vidogo nyuma ya tumbo.
- Nzi mchimba majani: kama nzi wa kawaida aliyepungua hadi milimita 2, mweusi mwenye doa la njano mgongoni.
- Visubi vya udongo wenye unyevu: miguu mirefu, umbo la mbu. Wakijaa, punguza maji.
- Nyigu wadogo sana: chini ya milimita 1, wengine wana kichwa cheusi na tumbo la njano. Hawa ni rafiki zako, hutaga mayai ndani ya matunutu ya nzi weupe.

Hesabu pande zote mbili na uandike kila mdudu kwenye safu yake. Kadi ikijaa sana, hesabu ukanda mmoja wa wima wenye upana wa sentimita 2.5 katikati, na wiki zote zinazofuata uhesabu ukanda huo huo.

Kosa kubwa hapa ni kuhesabu wafu wa wiki iliyopita. Mdudu aliyenasa haondoki. Ama uweke kadi mpya kila wiki, ama umtie kila uliyemhesabu nukta ya kalamu ya maka. Nimeona mtu amepuliza dawa mara tatu kwa sababu kadi "haipungui", wakati wadudu wote waliokuwa juu yake ni wa mwezi uliopita.

## Hatua ya 6: Geuza hesabu iwe uamuzi

Hakuna namba moja ya kumfaa kila mkulima. Tazama mwelekeo na mahali. Tuseme kadi ya mlangoni imesoma 2, kisha 3, kisha 11, huku za katikati zikiwa na 0 au 1. Hiyo inakuambia mlango au wavu wa karibu nao una tatizo, na mimea ya mistari ile ikaguliwe leo.

Nenda kwenye kadi iliyopanda. Chagua mimea 10 inayoizunguka, geuza majani ya juu, ya kati na ya chini. Majani ya juu yatakuwa na nzi wakubwa na mayai, ya kati na chini yatakuwa na matunutu. Kwa thiripsi, gonga ua juu ya karatasi nyeupe na utazame vinavyotembea.

Ukikuta matunutu kwenye mistari michache tu:

1. Pogoa majani ya chini yaliyojaa, yatie kwenye mfuko hapo hapo na ufunge. Ukiyaburuta hadi mlangoni, unawasambaza njiani.
2. Puliza upande wa chini wa majani, jioni, kwa mafuta ya mwarobaini au sabuni ya kuulia wadudu, kwa kipimo cha kwenye kibandiko.
3. Ikibidi dawa kali, badilisha kundi la dawa (namna inavyomuua mdudu) kila awamu, siyo jina la dukani tu. Nzi weupe huzoea haraka. Heshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna.
4. Siku ya kupuliza, weka kadi mpya. Isome baada ya siku 3 na baada ya siku 7. Hiyo ndiyo risiti ya dawa uliyonunua.

Kwenye joto la nyuzi 25 hivi, nzi mweupe hutoka yai hadi kuruka kwa takriban wiki 3. Kwa hiyo kadi ikitulia wiki ya kwanza, mayai yaliyosalimika yatajitokeza baadaye. Endelea kusoma wiki nne bila kuruka.

Kuna hali moja ambayo haisubiri mwelekeo. Kama eneo lako lina ugonjwa wa majani kujikunja na kuwa njano, nzi mweupe wa aina ya Bemisia ndiye anayebeba kirusi chake, na akishakibeba huendelea kukisambaza. Kwenye miche, nzi mmoja kwenye kadi anatosha kukufanya ukague kila mche siku hiyo hiyo.

## Hatua ya 7: Kunasa kwa wingi, na mahali pa kuacha

Kadi zinaweza kusaidia kupunguza wadudu pia, ukianza mapema. Wakiwa wachache, kadi moja kila mita 2 kwenye mistari iliyoathirika, au utepe mrefu wa njano wenye gundi kando ya wavu, hupunguza sana wanaofika kutaga. Pita asubuhi ukitikisa mimea taratibu kwa fimbo ili waruke wakaguse kadi. Wakishajaa kitalu kizima, njia hii pekee imechelewa.

Kwa nzi wachimba majani, na pia thiripsi, laza kadi chache karibu na udongo. Wengi wao hukamilisha ukuaji wao ardhini, na wanapopanda unawakuta njiani.

Kama umeachia nyigu wa kibiolojia (wale rafiki zako wa hatua ya 5), punguza njano zibaki zile za ufuatiliaji tu, maana nao hunasa. Bluu hunasa nyuki. Ukianza kuona nyuki kwenye kadi wakati wa maua, ondoa bluu zilizozidi siku hiyo hiyo.

## Hatua ya 8: Kubadilisha na kutupa

Badilisha kadi gundi ikipoteza mnato, vumbi likifunika rangi, au wadudu wakifunika nusu yake. Kwenye kiangazi chenye vumbi hiyo inaweza kuwa wiki 2. Kadi iliyojaa haivuti tena kwa sababu rangi haionekani.

Ya zamani ikunje gundi ndani, itie kwenye mfuko, ufunge. Usiichome kitaluni. Mikono ipake mafuta ya kula, futa kwa kitambaa, kisha sabuni. Sabuni peke yake itasambaza gundi hadi kwenye viwiko.

## Baada ya kung'oa mazao

Usishushe kadi pamoja na mimea. Ng'oa kila kitu, magugu yakiwemo, funga kitalu, na utundike kadi mpya 5 usawa wa goti. Nzi weupe waliobaki hawana jani la kula, kitu pekee cha njano mbele yao ni kadi, na kwenye joto la kitalu kilichofungwa hufa ndani ya siku chache.

Soma kadi baada ya siku 7, weka mpya, soma tena siku ya 14. Siku saba za mwisho zikipita bila nzi mweupe hata mmoja kwenye kadi tano, fungua mlango uingize miche.